Mwangwi na Mafigo: Maelezo juu ya Picha ya Ultrasaundi katika Dhara la Ghafla la Figo

Makusudi ya makala hii ni kueleza, kwa Kiswahili kinachoweza kufuatwa na msomaji asiye tabibu, jinsi picha ya ultrasaundi inavyotumika katika kumchunguza mtu ambaye mafigo yake yamedhurika kwa ghafla. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili lina uhusiano gani na kazi yake. Jawabu ni kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo mgonjwa na jamaa zake huyafahamu juu ya kipimo hiki hutokana na maneno wanayoambiwa. Maneno hayo, kama tutakavyoona, mara nyingine huahidi zaidi ya yale ambayo chombo chaweza kutimiza, na mara nyingine huficha lile jambo moja ambalo chombo hulifanya vizuri kupita yote. Kati ya makosa hayo mawili mtu aweza kupoteza mafigo yake, hata uhai wake.

Tutajaribu kuonyesha ya kwamba ultrasaundi, katika ugonjwa huu, hujibu barabara maswali mawili tu. Swali la kwanza: je, njia ya mkojo imeziba? Swali la pili: je, dhara hili ni la siku chache, au ni la miaka mingi lililojificha? Nje ya maswali hayo mawili chombo hiki ni msaidizi, wala si hakimu.

JINA LA KIUNGO NA JINA LA UGONJWA

Kiungo chenyewe kina majina matatu katika Kiswahili: figo, nso na buki. Nso na buki yamo katika kamusi zetu, lakini hospitalini na shuleni lililoshika ni figo. Wako wasemao figo hii na figo hizi, na wako wasemao figo hili na mafigo haya. Katika makala hii twafuata upatanisho wa pili.

Jina la ugonjwa lina mashaka zaidi. Kwa muda mrefu matabibu wa Ulaya na Marekani waliuita kwa maneno yenye maana ya kushindwa kwa figo kwa ghafla. Tangu mwaka 2004, na hasa baada ya mwaka 2012, wameliacha neno la kushindwa na kushika lenye maana ya kudhurika. Badiliko hili halikuwa la mapambo. Neno kushindwa lamfanya tabibu angoje mpaka kazi ya figo isimame. Neno kudhurika lamwamsha mapema, wakati ambapo figo bado lafanya kazi ila limepungukiwa. Uchunguzi wa miaka ile ulikuwa umeonyesha ya kwamba hata upungufu mdogo humwongezea mgonjwa hatari ya kufa.

Tukitaka kulitaja jambo hili kwa Kiswahili, neno jeraha halifai sana, kwa kuwa msikiaji wetu atatafuta kidonda na damu. Neno dhara lafaa zaidi, nalo ndilo tulitumialo hapa. Kadhalika, lile neno la kigeni lionyeshalo mwanzo wa haraka wengine hulitafsiri kwa kusema kali. Ukali ni kipimo cha uzito. Hapa cha kupimwa ni muda. Dhara laweza kuanza kwa ghafla na likawa jepesi. Tena laweza kuanza polepole na likawa zito kabisa. Kwa hiyo twasema dhara la ghafla la figo.

Kwa kipimo cha matabibu, kama kilivyowekwa na jopo la kimataifa liitwalo KDIGO mwaka 2012, mtu huhesabiwa kuwa na dhara hili likitokea lolote katika mambo matatu. La kwanza ni kreatinini, yaani taka itokayo katika misuli, kupanda katika damu kwa miligramu 0.3 au zaidi kwa desilita moja katika muda wa saa 48. La pili ni kreatinini hiyo kufikia mara moja na nusu ya kiasi chake cha kawaida, au zaidi, katika muda wa siku 7. La tatu ni mkojo kupungua chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa kila saa, kwa muda wa saa 6. Msomaji atazame ya kwamba katika mambo hayo matatu hakuna hata moja lionekanalo kwa picha. Damu na mkojo ndivyo viutambulishavyo ugonjwa. Picha huja baadaye, kuuliza sababu.

MAHALI PATATU PA DHARA

Mafigo mawili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote itokayo moyoni. Katika kila figo mna machujio madogo yapatayo milioni moja. Machujio hayo huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180 kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini, hata mkojo utokao nje ukawa lita moja au mbili tu. Kutoka chumba cha katikati cha figo, mkojo hushuka kwa mrija mwembamba mpaka katika kibofu, na kutoka kibofuni hutoka nje.

Basi dhara laweza kuingia mahali patatu. Laweza kuwa kabla ya figo, yaani damu haifiki ya kutosha, kama kwa mtu aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, au mama aliyetokwa na damu nyingi katika kujifungua. Laweza kuwa ndani ya figo lenyewe, kama katika malaria kali, katika sumu ya baadhi ya dawa, au katika maradhi ya machujio. Tena laweza kuwa baada ya figo, yaani mkojo umekwisha kufanyika lakini hauna pa kupita. Wagonjwa wa kundi hili la tatu ni wachache kuliko wa makundi yale mawili. Hata hivyo ndio wenye tumaini kubwa, kwa kuwa figo lao mara nyingi ni zima na lililoharibika ni njia. Ifungue njia mapema, na figo litarudia kazi yake. Ichelewe kufunguliwa, na shinikizo la mkojo litalikausha figo lenyewe, lisirudi tena kama lilivyokuwa.

JINSI MWANGWI UNAVYOKUWA PICHA

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 mpaka 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine ya kuchunguzia tumbo hutoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde, ambayo hakuna sikio la mtu liwezalo kuisikia. Ndani ya kile kifaa cha mkononi mna vipande vitoavyo mtetemo vikipitishiwa umeme, na kutoa umeme vikitetemeshwa. Tabia hiyo ya fuwele ilielezwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kwa hiyo kifaa kile kile husema kisha hunyamaza kusikiliza.

Sauti hiyo hupita katika nyama laini za mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Kila inapokuta mpaka kati ya nyama ya namna moja na nyama ya namna nyingine, sehemu yake hurudi, kama sauti ya mtu aitaye bondeni inavyorudishwa na mlima. Mwangwi utokao kina cha sentimita 7.7 hurudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mashine hupima muda huo, huhesabu kina, na huweka nukta mahali pake katika kioo: nyeupe ikiwa mwangwi ni mkubwa, ya kijivu ukiwa mdogo, nyeusi usipokuwapo. Mkojo, kwa kuwa ni maji matupu, haurudishi mwangwi wowote. Kwa hiyo huonekana mweusi. Mfupa na hewa hurudisha karibu sauti yote, hata kilicho nyuma yake kisionekane. Ndiyo maana mgonjwa hupakwa jeli, ili pasiwe na hewa kati ya kifaa na ngozi.

Wa kwanza kulifanya jambo hili kuwa kazi ya kila siku ya hospitali alikuwa Ian Donald wa Glasgow, pamoja na tabibu John MacVicar na mhandisi Tom Brown, waliotangaza uchunguzi wao juu ya vivimbe vya tumbo mwaka 1958. Chombo chenyewe hakitumii miale ya eksirei, wala hakihitaji dawa ya kutia katika mishipa. Sifa hii ya pili yatufaa sana hapa, maana dawa zitumiwazo katika picha nyingine zaweza kumwongezea madhara mtu ambaye mafigo yake yamekwisha kudhurika.

SWALI LA KWANZA: JE, NJIA IMEZIBA?

Figo zima likitazamwa kwa urefu lafanana na haragwe. Pembezoni lina ukanda wa kijivu, na katikati lina sehemu nyeupe yenye mafuta na mishipa. Chumba cha mkojo kilichomo humo katikati, kikiwa kitupu, hakionekani sana. Njia ikiziba, mkojo hurudi nyuma na kukijaza chumba hicho. Basi ule weupe wa katikati hupasuliwa na weusi unaotawanyika kama vidole vya mkono. Hapo ndipo watu husema figo limejaa maji. Usemi huo si kosa katika mazungumzo, ila yafaa mgonjwa afahamishwe ya kwamba maji hayo ni mkojo uliokosa njia. Mtu aambiwaye ana maji hutafuta dawa ya kuyakausha. Mtu aambiwaye njia yake imeziba huelewa kwa nini daktari ataka kuifungua leo, wala si wiki ijayo.

Kibofu nacho hutazamwa. Kikiwa kimejaa pomoni hali mgonjwa hawezi kukojoa, kizuizi ki chini yake, kama kwa mzee ambaye tezi dume yake imevimba. Na tiba ya kwanza ni mpira wa mkojo, jambo la dakika chache. Kibofu kikiwa kitupu, na mafigo yote mawili yamejaa, kizuizi ki juu, katika mirija. Hapo huenda ikabidi kupitisha mrija mwembamba mgongoni mpaka ndani ya figo. Katika nchi zetu hali hii huonekana kwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa mirija ya mkojo hupita karibu sana na mahali hapo; wengi wao huuawa na mafigo yaliyozibwa kabla ya kuuawa na saratani yenyewe.

Upo ugonjwa mwingine unaoihusu pwani yetu, nao ni kichocho cha mkojo, ambacho kimekuwako Unguja, Pemba na sehemu nyingi za bara kwa vizazi. Mayai ya mdudu wake hukaa katika ukuta wa kibofu na katika ncha ya chini ya mirija, na mahali hapo huvimba na kukaza. Uzuiaji huo kwa kawaida huja polepole, si kwa ghafla. Lakini aliyekwisha kubanwa hivyo, akipatwa na homa au kuharisha, ana akiba ndogo ya kuvumilia. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, nchini Niger, wakaweka utaratibu mmoja wa kuyapima madhara ya kichocho kwa ultrasaundi, ili matokeo ya nchi mbalimbali yapate kulinganishwa.

Hata hivyo jawabu la swali hili lina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kuona weusi pasipo kizuizi. Mwanamke mwenye mimba huwa na figo lililopanuka kidogo, hasa la kulia. Na mtu yeyote mwenye kibofu kilichojaa sana aweza kuonekana hivyo. Kwa hiyo mgonjwa hukojoa kwanza, kisha hutazamwa tena. Mtego wa pili ni kizuizi pasipo weusi. Katika saa za kwanza chumba hakijawahi kupanuka. Au mgonjwa amekaukiwa maji, na mkojo wa kukijaza haupo. Au saratani imeizunguka mirija hata isiweze kutanuka. Basi picha safi haimaanishi siku zote njia safi. Penye shaka kubwa, uchunguzi hurudiwa baada ya siku moja au mbili, au huongezwa wa namna nyingine.

SWALI LA PILI: NI LA JANA AU NI LA ZAMANI?

Mtu aingiapo hospitalini na kreatinini iliyopanda sana, jambo la kwanza kutaka kujua ni kiasi alichokuwa nacho mwezi uliopita. Mahali ambapo watu hupimwa damu kila mwaka, karatasi ya zamani hujibu. Kwetu karatasi hiyo mara nyingi haipo, kwa kuwa mgonjwa hajapata kupimwa maishani mwake. Hapo figo lenyewe ndilo huwa daftari.

Figo la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 mpaka 12 hivi, na la kushoto kwa kawaida hulizidi kidogo la kulia. Ugonjwa wa miaka mingi hulikunja figo: urefu hushuka chini ya sentimita 9, ukanda wa pembezoni huwa mwembamba, na mwangwi wake huwa mweupe kuliko wa ini. Dhara la ghafla kwa kawaida huliacha figo katika urefu wake, au hulivimbisha kidogo. Kwa hiyo mafigo mawili madogo meupe yasema ya kwamba ugonjwa ni wa zamani, hata kama dalili zimeanza jana. Mafigo ya urefu wa kawaida huleta tumaini ya kwamba kazi yaweza kurudi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa jamaa za mgonjwa. Mwenye dhara la ghafla aweza kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine kwa majuma machache tu, kisha akarudi nyumbani na mafigo yake. Mwenye mafigo yaliyokwisha kunyauka atahitaji mashine maisha yake yote, au kupewa figo la mtu mwingine. Mwenye nyumba atakaye kuuza shamba apate gharama ana haki ya kujua yuko katika njia ipi kati ya hizo mbili.

Lakini hapa pia pana mtego, na ni mtego uliotegwa hasa katika nchi zetu. Yako magonjwa ya muda mrefu ambayo hayalipunguzi figo upesi: ugonjwa wa kisukari, na ugonjwa wa figo uletwao na virusi vya Ukimwi, ambao mara nyingi huliacha figo kubwa lenye mwangwi mweupe sana. Atakayesoma urefu peke yake atamwambia mgonjwa wa namna hiyo ya kwamba ugonjwa wake ni wa jana, naye atakuwa amemdanganya bila kukusudia. Urefu husomwa pamoja na habari za mgonjwa.

YASIYOONEKANA

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa chombo huona ndani ya figo, mbona hakisemi kama machujio yamekufa? Jawabu limo katika hesabu. Kwa mitetemo milioni 3.5 kwa sekunde, urefu wa wimbi moja mwilini ni karibu nusu milimita. Chujio moja la figo lina upana wa milimita 0.2 hivi. Wimbi ni kubwa kuliko kitu litakiwalo kukionyesha. Kwa hiyo figo ambalo machujio na mirija yake midogo imedhurika kwa sumu au kwa kukosa damu laweza kuonekana zima kabisa katika kioo, hali mgonjwa hatoi mkojo hata tone.

Wataalamu wamejaribu kulipita zuio hili kwa kupima mwendo wa damu, wakitumia kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Mashine hupima jinsi damu inavyokwenda katika mishipa ya figo moyo usukumapo, na jinsi inavyokwenda moyo upumzikapo, na kutoa tarakimu moja ya ukinzani. Nayo ikizidi 0.7 huhesabiwa kuwa ya juu. Kipimo hiki chasaidia kutambua mshipa ulioziba, na pia figo la kupandikizwa lenye taabu. Lakini tarakimu hiyo hupanda pia kwa uzee na kwa ugumu wa mishipa, kwa hiyo haitoshi peke yake kumhukumu mgonjwa.

Kutokana na hayo, miongozo iliyotolewa Uingereza mwaka 2013 ilishauri hivi: mgonjwa anayedhaniwa kuwa na usaha katika figo lililoziba atazamwe kwa ultrasaundi katika muda wa saa 6, ambaye sababu ya dhara lake haijulikani, au yumo katika hatari ya kuzibwa, katika muda wa saa 24, na ambaye sababu yake imekwisha kujulikana, hapana haja ya kumtazama kama desturi tu. Shauri hili lafaa hata zaidi mahali ambapo mashine ni chache na mtaalamu ni mmoja. Mama aliyetokwa na damu nyingi ahitaji damu na maji kwanza; akiwekwa katika foleni ya picha, picha yaweza kuwa ndiyo ucheleweshaji.

NENO PICHA

Hatuna budi kumaliza kwa neno lenyewe. Twasema mgonjwa amepigwa picha, na usemi huu umekwisha zoeleka. Hatudhani kwamba utaondoka, wala si lazima uondoke. Lakini neno picha lina ahadi ndani yake: kilichopigwa picha kimeonekana, na kisichoonekana hakipo. Hivyo mtu aambiwaye picha ni nzuri huenda nyumbani akiamini ya kwamba mafigo yake ni mazima, hali damu yake yasema vingine.

Kiswahili tayari kina neno lisemalo kweli zaidi, nalo ni mwangwi. Mwangwi hutuambia ya kuwa mbele yetu pana kitu, ni umbali gani, na ni kigumu au ni laini. Hautuambii kinafanya kazi gani. Tukimweleza mgonjwa kwamba tumesikiliza mwangwi wa figo lake, tukaliona ni la ukubwa wa kawaida na njia yake i wazi, tena kwamba kazi yake tutaisoma katika damu na mkojo, tutakuwa tumemwambia kweli yote kwa maneno yasiyomzidi. Na yule ambaye njia yake haiko wazi, aambiwe hivyo saa ile ile, kwa neno lisilo na shaka: imeziba, yafaa ifunguliwe leo.